Ukuta Ambao Bwana Kivuli Hakuuchora

Wenzake ofisini walimpa jina la Bwana Kivuli, nalo likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa msanifu wa mandhari wa manispaa, kazi ambayo ndugu zake waliieleza kila mmoja kwa namna yake. Mjomba wake alisema kijana anapanda maua. Dada yake alisema anachora miti. Jirani mmoja, aliyemwona siku moja amesimama uwanjani na kamba na vigingi, aliamini kwamba anapima makaburi, na kwa muda mrefu alimsalimia kwa upole wa msibani.

Yeye hakujisumbua kuwasahihisha. Alichojali ni kivuli. Wasanifu wengine wakipewa kiwanja huuliza kwanza ukubwa wake. Yeye aliuliza jua linaingilia wapi asubuhi na linapigia wapi jioni. Barabarani alikuwa mtu wa kukatisha mazungumzo, akamshika mwenzake kiwiko na kumsogeza taratibu. "Samahani, endelea," angesema. "Ulikuwa umesimama juani."

Alioa katika nyumba yenye heshima zake. Mkewe alikuwa mfamasia, binti wa pekee wa mwalimu mkuu mstaafu, mjane aliyeishi ghorofa ya pili katika jengo la kona. Nusu ya mtaa ule ilipita mikononi mwa mama yule, na nusu iliyobaki ilikuwa na kaka au dada waliopita. Nyumba yake haikujua kelele. Mapazia yalifuliwa kabla hayajachafuka, wageni walikuta vikombe vinavyofanana, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuitwa kwa mjumbe wa mtaa kusuluhishwa ugomvi. Mama alilijua hilo na hakuona sababu ya kulificha.

Bwana Kivuli alimheshimu mama mkwe wake kwa namna ambayo mkewe aliiona imepitiliza. Hakumtazama usoni zaidi ya salamu. Akikaribishwa chai, alizungumza na kikombe. Akipita chini ya jengo lile, alipita akiwa ameinamisha kichwa, asije akainua macho na kuona asichopaswa kuona kwenye roshani ya mama mkwe.

Sasa, chini ya roshani hiyohiyo palikuwa na kipande cha ardhi. Manispaa ilikuwa imebomoa kibanda cha pampu ya maji kilichochakaa, ikabaki nafasi kiasi cha madarasa mawili, imebanwa na maghorofa huku na huku, mbele yake mtaa wa mafundi cherehani, washona viatu na duka la vifaa vya shule. Wenye magari katika jengo la kona walitaka yawe maegesho. Ofisi ya mipango ilitaka bustani ya kupumzikia. Kamati ya manispaa ikapitisha uamuzi wa kuridhisha kila upande kwa muda: bustani ijengwe kwanza, na kiangazi kikiisha kamati irudi kutazama. Watu wakiwa wanakaa, ibaki. Wasipokaa, yaingie magari.

Kazi hiyo akapewa Bwana Kivuli. Kabla ya hapo michoro yake yote ilitoka na sahihi ya mkuu wa idara, yeye akibaki jina dogo pembeni. Hii ilikuwa yake peke yake. Magari yakiingia pale, yangeingia juu ya jina lake, tena mbele ya mlango wa mama mkwe, ambaye alikwishawaambia watu wa ngazi zote za jengo kwamba mahali pale panajengwa na mkwe wake.

Akajenga kwa moyo wote. Alitandaza vitofali vilivyoachana kidogo ili mvua ipenye ardhini badala ya kujaa barabarani. Mfereji akaufunika kwa wavu wa chuma ambao gurudumu la kigari cha mtoto halikwami. Katikati alipanda mwarobaini uliokwishakomaa kidogo kwenye kitalu, akausindikiza mwenyewe kwenye lori akiwa ameushika shina kama mgonjwa. Na upande wa magharibi akainua ukuta mfupi, chini yake akamimina benchi refu la zege lililopinda kidogo kama mkono uliokunjwa. Anayekaa pale hulipa jua la alasiri mgongo, na ukuta unamkinga. Kimo cha benchi alikipima kwa magoti ya watu wa ofisini, mrefu kwa mfupi, mpaka mhasibu akatishia kumshtaki.

Siku ya kufungua, mkuu wa idara alikata utepe, watu wakapiga makofi, kisha wakaondoka.

Na hawakurudi kukaa.

Alasiri baada ya alasiri Bwana Kivuli alikuja akasimama ng'ambo ya barabara, karibu na duka la vifaa vya shule, akatazama. Kivuli kilianguka palepale alipokichora. Benchi lilikuwa la baridi na safi. Watu wakapita mbele yake wakala mahindi wakiwa wamesimama kwenye ukingo wa barabara, jua likiwapiga utosini. Fundi cherehani mmoja, mama mnene mcheshi aliyeitwa Vifungo kwa sababu hukosi kumkuta na vifungo mdomoni, alikalia ndoo iliyopinduliwa mlangoni kwake, hatua chache tu kutoka kwenye kivuli kizuri kuliko vyote mtaani.

Bwana Kivuli akahisi pengine pipa la taka liko karibu mno. Akalisogeza. Akahisi njia ya kuingilia ni nyembamba. Akaipanua kitofali kimoja. Siku moja vijana wawili waliketi, moyo wake ukaruka. Mara ikasikika sauti kutoka juu: "Nyie!" Vijana wakainuka kama waliokalia moto. Bwana Kivuli aliitambua sauti ile kuwa ya mama mkwe. Kwa adabu akainamisha macho, akaondoka haraka, na hakulifikiria tena jambo hilo.

Jioni mama mkwe alimpigia binti yake simu. "Leo pia hawakukaa," alisema. "Watu hawa hawajui kitu kizuri. Mwambie mkwe asife moyo, mimi nipo, nalinda."

Kiangazi kikazidi kusogea. Bwana Kivuli akapungua mwili. Jumapili moja mkewe akaona yatosha.

"Twende nikaone mwenyewe hilo benchi lako," alisema.

"Ulikuja siku ya utepe."

"Siku ya utepe nilisimama, nimevaa viatu vya kunibana. Leo nataka kukaa."

Wakaenda. Mfamasia akaketi, akanyoosha miguu, akaegemea ukuta, akashusha pumzi. "Pazuri," alisema. Kisha akainua macho, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekutwa jikoni na kijiko mdomoni.

"Goti!" ikasema sauti kutoka juu. "Umeshaolewa, unakaa hivyo hadharani?"

"Shikamoo, mama!" mfamasia akaitika, akikusanya miguu.

"Marahaba. Na huyo mwenzio mwambie asiweke mkoba juu ya benchi. Utachafuka."

Mfamasia akamgeukia mumewe. Mumewe alikuwa anatazama vitofali.

"Mume wangu, inua kichwa."

"Siwezi. Si mama yuko roshani?"

"Ndivyo ninavyokuambia. Yuko roshani! Umelielekeza benchi lako lote kwa mama!" Akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakitikisika. "Yaani mtaa mzima umeurudisha darasani. Nani atakula hindi mbele ya mwalimu mkuu?"

Bwana Kivuli akatoa mchoro mkobani, kwa maana aliubeba kila aendako, akaukunjua magotini. Mkewe akaweka kidole upande wa mashariki, mbele ya benchi.

"Hapa pana nini?"

"Ukuta."

"Ukuta! Hapo nimelelewa mimi! Pana roshani, pana kamba ya nguo, pana kiti, pana mama kwenye kiti. Wewe umechora mstari mtupu."

Ni kweli. Kila tofali la upande wa kaskazini alikuwa amelipima, na kila dirisha la upande wa kusini. Upande wa mashariki aliuchukua kwa hatua, akiwa ameupa mgongo, kwa kumstahi mama mkwe. Hakuna msanifu mwingine katika manispaa ile ambaye angefanya kosa hilo, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa mkwe wa pale.

"Basi mwambie," Bwana Kivuli akamsihi mkewe.

"Mimi? Nimwambie mama anatisha watu? Umechora wewe, mwambie wewe."

"Naweza kugeuza benchi."

"Si la zege?"

"La zege," alikiri.

Kesho yake akaenda kunywa chai. Mama mkwe alimwekea kikombe kwenye kisahani, akaketi wima, akasema, "Mkwe, watu hawakai."

"Hawakai, mama."

"Na mimi ninapalinda mahali pale kama mboni ya jicho. Haidondoki karatasi nisiione. Juzi yule Vifungo kaja na vitambaa vyake akamwaga nyuzi. Nikamwita. Vijana wakapandisha miguu. Nikawaita. Siwezi kukubali waseme bustani ya mkwe wangu ni jalala."

"Asante, mama," Bwana Kivuli akakiambia kikombe. Aligeuza kijiko, akakirudisha. "Nina ombi. Kazi ile imekaguliwa na wakubwa wa ofisini tu. Ningependa ikaguliwe na wewe."

"Mimi naikagua kila siku."

"Kutoka juu, mama. Ningeomba ushuke. Ukae kwenye benchi."

Mama akarudisha kikombe chake kwenye kisahani.

"Mkwe, mimi nina sebule," mama alisema polepole. "Mwenye sebule akionekana amekaa njiani, watu wataulizana nyumbani kwake kumetokea nini. Baba yenu, Mungu amrehemu, hajawahi kuniona nimekaa njiani."

"Siyo kukaa, mama. Ni kukagua."

"Kukagua huku nimekaa."

"Ndiyo, mama. Benchi halikaguliki kwa kusimama."

Mama akalipima neno hilo. Alikuwa amekagua madawati maisha yake yote. "Kesho saa kumi," alisema.

Saa kumi akashuka amevaa gauni lake la vikao, mkoba mkononi, mwavuli mweusi kwapani. Cherehani za mtaani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Akapitisha kidole juu ya zege, akakitazama. Akagonga wavu wa mfereji kwa ncha ya mwavuli. Akauzunguka mwarobaini. Akasema, "Safi," kisha akatandika leso, akaketi, akatazama mbele, na macho yake yakapanda ukutani mpaka roshani.

Pale juu palikuwa na kiti chake cha mgongo mrefu, kimewekwa katikati kama cha jukwaani siku ya kufunga shule. Na kwa kuwa ilikuwa siku ya kufua, kamba ilikuwa imejaa. Taulo lilikuwepo. Foronya zilikuwepo. Na katikati, likipepea mbele ya mtaa mzima, lilikuwepo shimizi lake jeupe lenye kiraka kikubwa ubavuni, kiraka ambacho aliamini kilijulikana na yeye na sindano yake tu.

Akavaa miwani, akatazama tena.

"Mkwe."

"Mama."

"Hiyo kamba inaonekana hivi tangu lini?"

"Sijui, mama. Huko sijawahi kutazama."

Ilikuwa kweli, naye alijua ni kweli. "Lakini hawa wote wametazama."

"Sidhani kama walitazama kamba, mama. Walikuwa wanaangalia kama kiti kina mtu."

Mama akamgeukia. "Wananiogopa?"

"Wanakuheshimu."

"Usinipake mafuta."

"Wanakuogopa, mama. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Bwana Kivuli akatafuta kipimo, maana ndiyo kazi yake. "Kiasi cha kula wakiwa wamesimama."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Bwana Kivuli akashtuka, akadhani analia, mpaka alipoona ameziba mdomo kwa mkoba, vilevile kama binti yake alivyojiziba kwa mtandio. Hakuwa amewahi kumsikia akicheka.

"Nionyeshe huo mchoro," alisema alipotulia. Akauweka magotini. "Mimi niko wapi?"

Bwana Kivuli akaonyesha mstari mtupu.

"Hapa hakuna kitu."

"Niliona si adabu kukuchora, mama. Hata kupima upande ule nilipima nikiupa mgongo."

"Kwa hiyo ni adabu yako iliyonifuta," mama alisema, na safari hii hakucheka. "Mkwe, jua la jioni linanichoma pale roshani miaka nenda rudi. Nafungua mwavuli ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Watu wa barabarani unawashika viwiko unawapeleka kivulini, nasikia mpaka wamekupa jina. Mimi je?"

Bwana Kivuli akatoa tepu ya kupimia mkobani. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akainua uso, akaitazama roshani ya mama mkwe kwa muda mrefu, kama anavyotazama kiwanja. Akaona vyuma vya kingo vilivyo imara. Akaona bomba la maji ya mvua linaloshuka pembeni, na chini yake ukanda wa udongo ambao hakuutumia. Akaona jua linavyoingia kwa mshazari mpaka kwenye kiti.

"Mmea wa kutambaa," alisema, tepu ikiwa tayari mkononi. "Unaanzia pale chini, unanyweshwa na bomba, unapanda kwa nyaya mpaka kwako. Jua halitapita."

"Wala macho," mama alisema.

"Wala macho, mama."

"Uwe wa maua meupe. Mekundu yana makelele."

Mmea ukapandwa wiki ileile. Lakini mmea hauna haraka ya kamati, na kiangazi kilikuwa kinaisha. Kwa hiyo mama akaingiza kiti ndani, kamba akaihamishia upande wa nyuma, na alasiri akashuka mwenyewe, "kukagua unavyoota." Siku ya kwanza aliketi peke yake, mtaa mzima ukiwa umesimama ukingoni. Bwana Kivuli, ng'ambo ya barabara, aliona bora asingezaliwa.

"Wewe Vifungo!" mama akaita. "Mbona unakalia ndoo?"

"Nimezoea, Mwalimu."

"Umezoea nini, na mgongo umepinda kama kulabu? Njoo hapa."

"Nyuzi zitadondoka, Mwalimu."

"Utaziokota ukiondoka. Njoo."

Vifungo akaja, akaketi ncha ya benchi kama anayesubiri matokeo. Wote wawili wakatazama mbele. Hakukuwa tena na wa kuwatazama kutoka juu, na mtu aliye ubavuni pako huwezi kumsimamia. Baada ya kitambo Vifungo akatema vifungo mkononi.

"Mwalimu," alisema, "lile shimizi lako..."

Bwana Kivuli akafumba macho.

"Shimizi lipi?"

"Lile lenye kiraka. Naweza kukushonea jingine."

Mama akageuza mwavuli magotini. Kisha akasema, "Una kitambaa gani?"

Vifungo akakimbilia dukani kuleta vipande vya kuchagua. Mshona viatu akasogea kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Wale vijana wa siku ile wakakaa mwisho kabisa, miguu chini, kisha siku iliyofuata miguu juu, na mama akajifanya anatazama mwarobaini. Wiki haijaisha, ukichelewa huna pa kukaa.

Kamati ikaja alasiri ya jua kali, mwenyekiti mbele, na nyuma yake mkazi mwenye gari jeupe aliyekwishachagua kona ya kuliegesha. Wakasimama katikati ya vitofali wakitazama benchi. Lilikuwa limejaa kutoka ncha hadi ncha: Vifungo, mshona viatu, mama mmoja mwenye mapacha, muuza duka aliyefunga duka, mfamasia aliyetoroka kazini, na katikati mwalimu mkuu mstaafu, mwavuli wake umefungwa magotini.

Mwenyekiti akajipangusa jasho. Bwana Kivuli akamshika kiwiko, akamsogeza hatua mbili. "Samahani," alisema. "Ulikuwa umesimama juani."

"Na sisi tutakaa wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Mtasubiri," mama akamjibu. "Hapa ni kwa zamu."

Mtaa ukaangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe akacheka, akamtazama mwenye gari jeupe, akatikisa kichwa. Uamuzi ukaandikwa palepale, kwa kuegemea ukuta, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuegemea.

Bwana Kivuli alipotakiwa kupeleka mchoro wa mwisho wa kuhifadhiwa, alimpelekea mama mkwe kwanza. Akauweka mezani kati ya vikombe, na alipoeleza hakuzungumza na kikombe. Upande wa mashariki alikuwa amechora roshani, vyuma vyake, bomba, na mmea ukipanda. Juu ya benchi alichora mtu mdogo mwenye mwavuli.

Mama akavaa miwani, akakagua kila kona. Akaweka kidole karibu na roshani, palipokuwa na mstari mwembamba.

"Hii ni nini?"

"Kamba ya nguo, mama. Nilitaka uwe mchoro kamili."

"Mkwe."

"Mama."

"Futa."

Akafuta. Mchoro ule upo ofisini hadi leo, una sahihi yake peke yake, na kamba ya nguo haimo.